Buli la Yixing: jinsi ya kulichagua, kulitumia na kulifikisha nyumbani salama

Nasafirisha mizigo kutoka Guangzhou. Wateja wangu wakishakaribishwa chai kwenye ofisi mbili tatu za Wachina, swali ni lile lile: yale mabuli madogo nitayapata wapi? Nawapeleka soko la chai la Fangcun, ila kwanza nawazuia wasikimbilie buli.

Anza na gaiwan, yaani bakuli dogo la kauri lenye kifuniko na kisahani. Kauri ya China si ngeni kwetu. Bakuli zake zilipachikwa hata kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi. Haishiki harufu, kwa hiyo leo utaweka chai ya kijani, kesho oolong (chai iliyo kati ya ya kijani na ile ya kawaida), bila shida. Tafuta yenye ukingo uliobinukia nje, la sivyo vidole vitakoma.

Buli lenyewe ni la Yixing, mkoa wa Jiangsu, la udongo uitwao zisha, usiopakwa kitu cha kung'arisha. Fundi wa kweli hatumii gurudumu. Huponda udongo kwa nyundo ya mbao hadi uwe bapa, akaukunja mduara, kisha akaugonga taratibu mpaka tumbo la buli litokeze. Yapo pia yaliyomiminwa kwenye kalibu na kuuzwa kwa jina hilo hilo, na muhuri wa kitakoni usikudanganye, maana mihuri huigwa. Muuzaji akianza kukusimulia ukoo wa fundi, mwombe maji.

Jaza buli, mimina. Maji yatoke mstari mmoja, na ukisimamisha yasichuruzike chini ya mdomo. Mimina tena huku umeziba kwa kidole kitundu cha kifuniko: yakikatika, kifuniko kimekaa vizuri. Hapo likipenya tone moja moja si neno. Mimi buli linalochuruzika silinunui hata liwe zuri vipi, kwa sababu litakulowesha meza kila siku.

Kwa buli la mililita 120, weka gramu 6 au 7 za oolong, mfano Tieguanyin ya Anxi. Pasha buli kwa maji yanayochemka, yamwage, tia majani. Maji ya kwanza ni ya kuyaamsha majani; yamwage papo hapo. Ya pili yakae sekunde 10 hivi, kisha uongeze kidogo kila mzunguko. Kila mara mimina mpaka tone la mwisho. Maji yakibaki ndani, chai inayofuata itakuwa chungu. Pitishia kwenye jagi dogo ili kila mtu apate ukali ule ule. Watu wa Chaozhou hawana haja ya jagi, wanazungusha buli juu ya vikombe, kidogo huku, kidogo kule. Majani hayo hayo yatakupa mizunguko sita au zaidi.

Sukari, maziwa, tangawizi na iliki viache kwenye sufuria ya nyumbani. Udongo huu hunyonya, ndiyo maana buli moja hupewa aina moja ya chai, na sabuni haligusi kamwe. Suuza kwa maji ya moto, liache wazi likauke.

Kwenye safari, kifuniko kifungwe peke yake, kisiachwe juu ya buli. Jaza soksi tumboni, zungushia nguo mdomo na mshikio, ulibebe kwenye begi la mkononi. Usinipe mimi nilitie kwenye kontena pamoja na vigae.