Nyuzi joto za Aktiki hazichagui mbegu ya Tabora

Ndugu wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge, kosa linalowatia hasara si kuacha kufuatilia habari za mabadiliko ya tabianchi. Mnazifuatilia vizuri sana. Kosa ni kubeba namba ya joto ya upande mwingine wa dunia na kuitumia dukani kuchagulia mbegu ya hapa. Mtu amesoma kwenye simu kwamba joto limepanda nyuzi 3, anaamua mahindi siku hizi yanawahi kukomaa, anaacha mbegu yake ya siku 120 na kununua ya siku 90. Akipanda Novemba 25, mahindi yanakomaa Februari 23, mvua bado inanyesha hadi Aprili. Maji yanaingia kwenye bunzi, mahindi yanaoza yakiwa shambani, na yanayookoka yanavunwa mabichi, yanaanikwa chini ya mawingu na kupata sumukuvu.

Namba yenyewe si ya uongo, ila ni ya Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini. Tangu 1979 eneo lile limepata joto kwa takribani nyuzi 0.73 kila miaka 10, karibu mara 4 ya wastani wa dunia nzima. Theluji na barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani. Zikiyeyuka, bahari nyeusi iliyo chini yake inaunyonya, joto linaongezeka na barafu nyingine inayeyuka. Huku kwetu hakuna barafu ya kuyeyuka baharini. Afrika kwa jumla imepanda kwa takribani nyuzi 0.3 kila miaka 10 tangu 1991. Nayo si ndogo, lakini si nyuzi 3.

Fanyeni hesabu kabla ya kutoa hela. Chukua wastani wa joto la siku, toa 10, maana chini ya nyuzi 10 mahindi hayakui. Kinachobaki ndicho mmea ulichojiwekea siku hiyo. Joto la mchana likizidi 30, liandike 30 kabla ya kutafuta wastani, kwa sababu juu ya hapo mahindi hayakui haraka zaidi. Tuseme wastani wa msimu ni nyuzi 23: kila siku mmea unapata 13, na kwa siku 120 unafikisha 1,560, ndiyo jumla ya kukomaa kwa mbegu hiyo. Ongeza nyuzi 0.9, yaani miaka 30 kwa kasi ya Afrika. Sasa unapata 13.9 kwa siku, na 1,560 inatimia siku ya 112. Umewahi kwa siku 8. Ukiweka nyuzi 3 za Aktiki, karatasi itakuambia siku 98, nawe utakimbilia mbegu fupi kwa joto ambalo shamba lako halijawahi kulipata.

Hata hizo siku 8 msiziondoe zote. Kama mbegu ilisajiliwa miaka ya karibuni, siku 120 zilizoandikwa kwenye mfuko zimetokana na majaribio yaliyofanyika joto likiwa limekwisha kupanda. Ukipunguza tena, umelihesabu joto lile lile mara mbili. Hapa wanakosea hata viongozi wa vikundi waliosoma, na inasikitisha kwa sababu wanachama huwafuata.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha maeneo mawili lazima uulize: limepanda kuanzia lini? Kwa mwaka 2024, Copernicus, huduma ya Ulaya inayofuatilia tabianchi, ilitoa namba mbili kwa dunia hii hii moja: nyuzi 1.60 juu ya wastani wa 1850–1900, na nyuzi 0.72 juu ya wastani wa 1991–2020. Zote mbili ni sahihi. Ukipima Ulaya kuanzia wastani wa 1850–1900 na Tanzania kuanzia wa 1991–2020, umelinganisha miaka, hukulinganisha maeneo. Tumieni 1991–2020 kwa pande zote mbili. Toa wastani wa kila eneo kwenye joto la eneo hilo hilo, kisha ndipo ulinganishe mabadiliko. Linganisha miezi ile ile. Kwa mahindi ni Novemba hadi Machi, si mwaka mzima. Wala usianzie wala kuishia kwenye mwaka wa El Niño kama 1998 au 2016, maana miaka hiyo hunyanyua joto kupita mwenendo wa kawaida.

Kigoma na Tabora nazo zinachanganywa hivyo hivyo. Kigoma mjini iko kandokando ya ziwa, kwenye mita 770 na kidogo. Tabora iko karibu mita 1,200. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6. Kwa hiyo mkulima wa Buhigwe, huko huko mkoani Kigoma, aliye mita 500 juu ya ziwa ana tofauti ya nyuzi 3 hivi na ndugu yake wa ufukweni, na tofauti hiyo ilikuwepo tangu enzi za mababu. Someni kwenye mfuko wa mbegu mwinuko uliopendekezwa. Una uzito kuliko habari yoyote ya Aktiki.

Kwa vikundi vyenye kipimajoto: kikae mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya nyasi fupi, mbali na ukuta. Acheni kabisa kukitundika barazani chini ya bati! Pale kinapima bati. Someni joto la juu na la chini kila siku saa 3 asubuhi, jumlisheni, gawanyeni kwa 2. Siku iliyorukwa iachwe wazi, isibuniwe. Mkiona wastani wenu unapanda na kushuka pamoja na wa kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa kilicho karibu, mko sawa.

Igunga na Nzega, ambako mvua ni haba, mbegu fupi ina sababu yake, na sababu hiyo ni mvua. Huko endeleeni nayo.