Namna ya kupima hataza ndani ya bei ya king'amuzi

Niliuza ving'amuzi Kariakoo miaka kadhaa kabla ya kuijua hesabu hii, na nilijifunza kwa hasira. Msambazaji wangu alipandisha bei kwa shilingi 15,000 kila kimoja. Nikamuuliza kulikoni. "Kaka, hataza hizo. Wazungu wamepandisha." Yaani haki za wavumbuzi, wanaolipwa kila teknolojia yao inapotumika. Nikakosa la kujibu.

Kigeuze king'amuzi. Soma alama za mgongoni na kwenye boksi: DVB-T2 (kupokea mawimbi), H.264 (kubana picha), HDMI (waya wa kwenda kwenye TV), Dolby (sauti). Kila alama ina wenyewe, na wenyewe wanadai mrabaha kwa kila kifaa kinachouzwa. Ziandike kwenye daftari, mstari kwa mstari.

Kisha tafuta viwango vya mrabaha huo. Wenye hataza wengi wameziweka zao kapu moja na bei ya leseni wanaitangaza. Kapu la H.264, kwa mfano: vifaa 100,000 vya kwanza kwa mwaka ni bure, vinavyofuata ni senti 20 za dola, na kiwanda kikivuka milioni 5, senti 10. HDMI ni senti 15, ila ukibandika nembo yao zinashuka hadi 5, na ukiweka na HDCP, kinga ya kuzuia kunakili picha, 4. (Ndiyo maana nembo ile huikosi hata kwenye vifaa vya ovyo.) Ukikuta H.265, mrithi wa H.264, fungua ukurasa mpya. Pale makapu ni zaidi ya moja, na kila kapu lina ankara yake.

Usipige kwa asilimia. Mrabaha wa namna hii ni kiasi maalumu kwa kila kifaa, kwa hiyo kifaa cha bei ya chini ndicho kinachoumia. Marekani, walipozima analojia mwaka 2009, kapu la ATSC, mfumo wao wa TV ya dijitali, lilidai dola 5 kwa kipokezi, na la MPEG-2, la kubana picha, dola 2.50. Jumla 7.50, wakati serikali yao ikigawa kuponi za dola 40 za kununulia kisanduku. Aliyelalamika kule alikuwa na haki yake.

Sasa fuata njia ya mzigo, maana kila mkono unaweka faida yake juu ya mrabaha pia. Tuseme, kwa kuzidisha makusudi, jumla ya mistari yako ni dola 1.50. Kiwanda kiongeze asilimia 10: 1.65. Mwagizaji 15: 1.90. Duka 20: 2.28. VAT 18: 2.69. Dola ikiwa shilingi 2,500, ni kama 6,700.

Nilimpelekea yule bwana daftari. Akalisoma mara mbili, akaagiza chai, akapunguza 9,000. Zile 6,000 zilizobaki akasema ni nauli ya meli, na ukurasa wa meli sikuwa nao.