Kabla ya kuwalipia watoto onesho la "ingia ndani ya picha"

Ni onesho ambalo projekta humulika michoro maarufu kwenye kuta za ukumbi, nanyi mnasimama katikati yake. Kiingilio kikiwa 20,000, familia ya watano ni laki moja, bado nauli na soda. Tangazo likiingia kwenye grupu la wazazi, piga simu kwanza.

Ulizia giza na mwanga. Kumbi nyingi za Arusha ni za harusi: madirisha makubwa, pazia jepesi. Projekta ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) ikimulika ukuta wa mita 6 kwa 3.4 inatoa kama lumeni 147 kwa kila mita ya mraba. Usiku inatosha, saa nane mchana, madirisha yasipozibwa kwa kitambaa kizito cheusi, bluu ya mchoraji Van Gogh inakuwa kijivu. Ukuta huohuo, projekta ikiwa ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ya picha ina upana wa milimita 3 hivi. Mtoto akisogea anaona vijiraba tu, kwa hiyo simameni hatua tano nyuma. Anayekuuzia tiketi asipojua ana projekta ngapi wala za lumeni ngapi, usilipe.

Picha za tangazo usiziamini. Februari 2024 huko Glasgow, familia zilizolipa hadi pauni 35 kwa tiketi zilikuta ghala karibu tupu. Picha za tangazo zilitengenezwa kwa akili mnemba, na polisi wakaitwa. Omba video iliyopigwa kwa simu ndani ya ukumbi huohuo.

Umeme nao. Jenereta pekee haitoshi: projekta za balbu zikizimika ghafla hudai dakika kadhaa za kupoa kabla ya kuwaka tena. Uliza kama kuna UPS, yaani betri inayoshikilia umeme ukikatika.

Watoto waambiwe mapema kwamba humo hakuna mchoro hata mmoja, ni mwanga tu. Mchoro halisi wa Van Gogh wa usiku wa nyota, wa mwaka 1889, uko New York na upana wake ni sentimita 92, mdogo kuliko meza ya sebuleni. Wasipoambiwa, watauliza "picha ziko wapi?" na hapo ndipo kununa kunapoanza.

Chagueni zamu ya baada ya magharibi. Bebeni khanga ya kukalia, maana sakafu ni ya baridi. Mwenye kifafa asiingie kabla hamjajua kama kuna taa za kumetameta. Mtoto mchanga spika zitamliza.

Daini risiti ya EFD na tunzeni tangazo kwenye simu. Mkikuta kilichoahidiwa hakipo, daini hela mlangoni kabla ya kuondoka. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha wateja, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Majibu ya simu yasiporidhisha, wapelekeni Cultural Heritage, kituo cha sanaa kilichopo barabara ya Dodoma, wakaone michoro ya Tingatinga na vinyago vya Kimakonde kwa karibu. Mikono mifukoni tu: kinachovunjika kina bei.