Namna ya kutambua haipakaa, na kuacha kuliita hivyo kila gari lenye mbio

Neno hypercar, ambalo vijiweni linatamkwa haipakaa na lina maana ya gari la mbio lililo juu hata ya supercar, halimo kwenye kadi ya gari wala kwenye sheria ya barabarani. Ni neno la mazoea tu, ndiyo maana linabishaniwa sana. Pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, ikipita Crown Athlete iliyofungwa bomba la kelele, hakosekani wa kuiita haipakaa. Crown hiyo, hata yenye injini ya cc 3,500, ina nguvu farasi 315. Bado sana.

Usihangaike na asili ya neno. "Super" ni Kilatini, "hyper" ni Kigiriki, na yote mawili yana maana ya kupita au kuwa juu. Shika vipimo.

Anza na nguvu. Kizingiti kilichozoeleka ni farasi 1,000 hivi, tangu Bugatti Veyron ya 2005 ilipotoka na farasi 1,001 na kufika km 407 kwa saa. Ila usikifanye kizingiti hicho ukuta: LaFerrari (963), McLaren P1 (916) na Porsche 918 Spyder (887) zote ziko chini yake, na hakuna mjuzi anayezinyima jina hilo.

Hapo kwenye nguvu ndipo wengi wanapokosea hesabu. Tangazo likiandika kilowati, zidisha kwa 1.36 upate farasi. Na gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota za umeme, usilijumlishie injini na mota kichwakichwa. Injini ya 918 Spyder ina farasi 608, mota zake 286. Ukijumlisha unapata 894, lakini kiwandani wametaja 887, kwa sababu injini na mota hazifiki kilele kwenye kasi moja ya mzunguko.

Halafu uliza yametengenezwa mangapi. P1 ni 375. 918 Spyder ni 918 kamili. Tesla Model S Plaid inapita farasi 1,000, lakini ina milango minne na imetengenezwa kwa wingi. Ni gari la familia lenye mbio za kutisha, basi.

Mwisho tazama ufundi. Haipakaa huwa na kitu ambacho gari la kawaida halina haja nacho. Veyron ina rejeta kumi. Kwa kawaida tumbo lake liko milimita 125 kutoka ardhini. Ikiwekwa tayari kwa mwendo wa juu kabisa, mbele hushuka hadi 65. Fikiria matuta ya barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, utaelewa kwa nini hulioni gari hili Uyole.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo jingine. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Injini ya LaFerrari, farasi 800 bila tabo, ingepungukiwa na kama 130 hapa. Mota yake ya umeme isingepoteza kitu, maana haivuti hewa. Zenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo namba ya kwenye karatasi ni ya kulinganisha gari na gari. Usiiahidi kwa mtu anayepanda Mlima Nyoka.

Kuna matumizi ya pili ya neno hili, na yanachanganya. Tangu 2021 daraja la juu la mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, linaitwa Hypercar. Nguvu ya magari hayo imebanwa na kanuni kwenye kilowati 500 hivi, yaani farasi 680, pungufu ya Veyron kwa mbali. Ukimaanisha daraja hilo, andika kwa herufi kubwa. "Toyota ilishinda Le Mans 2021 katika daraja la Hypercar" ni sahihi. "Toyota wanauza haipakaa" si sahihi: GR010 iliyoshinda ni gari la mashindano, haiingii barabarani.