Daftari Lililofungwa kwenye Cherehani

Presha iliposoma 150 kwa 96, daktari aliniuliza: kwa siku unaweka sukari vijiko vingapi? Sikuwa na jibu. Mimi fundi cherehani, vipimo vya wateja navijua kwa kichwa, vyangu sivijui.

Ili vyako uvijue, nunua daftari la shule uviandike kila siku. Chora safu 4 tu: presha, sukari, kutembea, usingizi. Mimi nilianza na 12, siku ya nne nikachoka. Liweke mahali mkono unapopita kila siku. Langu nimelifunga kwa uzi kwenye mguu wa cherehani pamoja na kalamu, maana kalamu ikiazimwa hairudi.

Presha ndiyo yenye masharti. Pima asubuhi kabla ya chai na dawa. Kojoa kwanza, kisha kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo. Pima mara 2, ukipisha dakika 1, uandike zote. Usiandike ile nzuri peke yake (nimewahi, najua utamu wake).

Sukari, chora kijiti kwa kila kijiko. Chai ya kwa jirani nayo inahesabiwa. Kutembea, andika dakika. Lengo ni 150 kwa wiki. Usingizi, andika saa ulizolala basi.

Siku uliyosahau iache wazi, usijaze kwa kukisia. Kliniki nenda nalo, na hata namba zikishuka, dawa usiache mpaka daktari aseme.