Jifunze elektroniki kwa kitabu: kutoka ukurasani hadi taa inayowakawaka

Kitabu cha elektroniki hakisomwi kitandani. Kinasomwa mezani, penseli upande huu na mita ya kupimia umeme upande ule. Mimi nawaelekeza vijana hapa Dodoma kwa njia hiyo, na naipenda kuliko video. Video inakimbia, ukurasa unakungoja.

Hatua ya 1: Kikague kitabu

Kifunue katikati, utazame michoro. Kama vipuri havijaandikwa thamani zake, kirudishe. Vitabu vingi tunavyopata vimeandikiwa Marekani, ambako umeme wa ukutani ni volti 120. Wetu ni 230. Kwa hiyo mradi wowote unaogusa soketi ya ukutani uruke, ubaki na betri ya volti 9. Vilevile, Wamarekani huchora rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) kwa mstari wa kukunjakunja, Wazungu wa Ulaya huchora kisanduku kirefu. Kipuri ni kilekile.

Hatua ya 2: Vifaa

Bodi ya matundu isiyohitaji kuchomelea, mita ya dijitali, nyaya, taa nyekundu za LED, rezista za oumu 470, kilo-oumu 10 na kilo-oumu 68, kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) za mikrofaradi 10 na 100, na IC ya 555, chipu ndogo ya miguu minane ya kuwashia na kuzimia taa kwa mpigo. Fundi redio wa mtaani atakupa vipuri vilivyong'olewa kwenye redio mbovu, lakini miguu yake mara nyingi ni mifupi na haishiki kwenye bodi. Kwa kuanzia, nunua vipya. Na kiangazi chetu cha upepo na vumbi unakijua: bodi ikae kwenye kopo lenye mfuniko.

Hatua ya 3: Hesabu kwanza, ndipo uchomeke

Hapa usiharakishe. LED nyekundu hula takriban volti 2. Betri ina 9, zinabaki 7. Tukitaka mkondo wa miliampea 15, yaani ampea 0.015, tunagawa: 7 ÷ 0.015 = 467. Rezista ya karibu ni ya oumu 470; mistari yake ya rangi ni njano, zambarau, kahawia. Andika jibu pembeni ya mchoro.

Sasa unga: chanya ya betri, rezista, mguu mrefu wa LED, kisha mguu mfupi kwenye hasi. Taa ikiwaka, usishangilie bado. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), gusa ncha mbili za rezista, kisha ugawe ulichosoma kwa 470. Huo ndio mkondo halisi, na hukulazimika kukata saketi. Usiweke mita upande wa ampea ukagusa ncha za betri moja kwa moja. Fyuzi ya mita itakatika.

Mita haitalingana sawasawa na kitabu, kwani betri mpya huvuka volti 9 na LED hutofautiana. Andika namba yako chini ya ile ya kwanza, na ujieleze tofauti imetoka wapi. Ukiweza kuieleza, umeielewa kanuni ya Ohm, yaani volti ukizigawa kwa oumu unapata ampea.

Hatua ya 4: IC ya 555

Mhandisi Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971, na mpaka leo vitabu vya wanaoanza havikosi kuitaja. Miguu 8 na 4 iende chanya, mguu 1 hasi. Kilo-oumu 10 kati ya 8 na 7. Kilo-oumu 68 kati ya 7 na 6. Unganisha 6 na 2, kisha kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka 2 hadi hasi, mstari wake wenye alama ya kutoa (−) ukielekea hasi. Kutoka mguu 3, rezista ya 470 na LED hadi hasi.

Itawaka na kuzima karibu mara moja kila sekunde. Weka ya mikrofaradi 100 uone: mzunguko mmoja sasa huchukua takriban sekunde 10.

Hatua ya 5: Piga picha kabla ya kubomoa

Piga kwa simu kutoka juu, karibu na dirisha, bila flashi. Kwenye programu ya picha punguza kingo na uongeze mwanga kidogo, basi. Filta za rangi usiziguse kabisa: mstari wa kahawia ukigeuka mwekundu, rezista yako ya 470 itasomeka 4,700.