Paraganglioma: homoni zipimwe kwanza, sindano baadaye

Paraganglioma ni uvimbe adimu, unaota kwenye seli za neva zinazotengeneza homoni, waweza kuwa shingoni, kifuani, tumboni kwa nyuma au hata kwenye kibofu. Ukiutazama ni kama uvimbe mwingine tu na hapo ndo watu wanapoponzwa.

Hatua ya 1, dalili. Kichwa kinauma kwa vipindi, jasho, moyo kwenda mbio, presha inapanda ghafla. Ila wa shingoni mara nyingi hautoi homoni, unakuta tu kinundu kisichouma, ukikisukuma kinaenda kushoto na kulia ila juu na chini hakiendi.

Hatua ya 2 naomba sana msiiruke. Metanefrini (mabaki ya homoni kama adrenalini zikishavunjwa mwilini) zipimwe, kwenye damu au mkojo wa masaa 24, KABLA ya baiopsi (kuchoma sindano kuchukua kipande cha uvimbe), maana uvimbe unaotoa homoni ukichomwa sindano unaweza kumwaga adrenalini kwa mkupuo, presha ikapaa na mtu akafia pale pale. Damu itolewe ukiwa umelala kama dakika 20 hadi 30, na taja dawa zote unazomeza, baadhi ya dawa za sonona zinapandisha majibu.

3. Picha ya CT au MRI kuona uvimbe ulipo, na PET skani (picha ya mwili mzima) kama ipo, kuona kama kuna mwingine.

4. Kabla ya kisu, alfabloka (dawa ya kulegeza mishipa ya damu) siku 7 mpaka 14, na maji na chumvi ya kutosha. Betabloka (dawa ya kutuliza mapigo ya moyo) ikihitajika inafuata nyuma, ikitangulia peke yake mishipa inabana na presha inalipuka.

5. Upasuaji, kisha patholojia (uvimbe uliotolewa kuchunguzwa maabara) ithibitishe.

MASWALI

Wangu umetolewa wote, nimepona?
Shukuru, ila usipotee kliniki. Hakuna paraganglioma inayohesabiwa salama moja kwa moja, unaweza kurudi baada ya miaka, fuatilia angalau miaka 10.

Watoto wangu wapimwe?
Anza wewe kipimo cha jeni, hata kama kwenu hakuna mwingine, maana karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wamerithi. Jeni yenye hitilafu ikionekana, hasa ile inayoitwa SDHB, ndo watoto nao wapimwe.

Uvimbe wa mama umeshasambaa, kuna tiba kweli?
Pole sana ndugu. Ipo, kuna dawa za mionzi kama lutetiamu, kuna kemo, na ukiwa unakua polepole bila dalili madaktari wanaweza kuuangalia tu kwa muda. Ila presha yake isiachwe hata siku moja.